Albamu ni yake, lakini humo ndani haimbi wala hapigi

Kila zinapotoka habari kwamba mtunzi fulani wa muziki wa klasiki "ametoa albamu yake ya kwanza ya okestra", maswali huwa ni yale yale. Anaimba? Haimbi. Basi anapiga ala gani? Katika albamu hiyo hapigi kitu. Pengine hata wapigaji hakuwaongoza yeye. Sasa albamu ni yake kivipi? Na mbona inaitwa ya kwanza, ilhali mwenyewe ana miaka arobaini na ushei, tuzo zimejaa kabatini na wanafunzi wanamsubiri chuoni?

Siwalaumu wanaouliza. Tumezoea kwamba albamu ni ya yule ambaye sauti yake inasikika na picha yake ipo kwenye jalada. Kwa muziki huu mambo yamekaa vingine, na nusu ya mkanganyiko inaanzia kwenye maneno yenyewe.

Chukua neno okestra. Katika Kiswahili lilishachukuliwa zamani na bendi za dansi: mtu akisikia Orchestra Maquis au Orchestra Super Mazembe, kichwani zinamjia gitaa, saksafoni na waimbaji waliosimama mbele. Okestra ya simfoni ni kitu kingine. Ni kundi la watu 80 hadi 100 hivi, na zaidi ya nusu yao wanapiga ala za nyuzi kwa upinde: fidla, viola, chelo na zile besi kubwa zinazopigwa kwa kusimama. Nyuma yao wanakaa wapuliza filimbi, obo, klarineti na basuni. Nyuma zaidi kuna honi, tarumbeta, tromboni na tuba, na mwisho kabisa watu wa midundo, wenye kila kitu kuanzia ngoma kubwa za shaba hadi pembetatu ya chuma inayoning'inia kwenye uzi. Ukumbini hakuna vipaza sauti. Mwimbaji naye hayupo, isipokuwa kazi yenyewe iwe imemtaka.

Yule anayesimama mbele na kijiti, Waingereza wanamwita kwa jina ambalo sisi tumelipeleka kwenye mabasi. Nikisema "kondakta" mtatafuta nauli, kwa hiyo nitamwita kiongozi. Yeye ndiye mtu pekee jukwaani asiyetoa sauti yoyote. Kazi yake ni kuamua mwendo, nani asikike zaidi na nani ajizuie, na kuhakikisha watu themanini wanapumua pamoja.

Halafu kuna mtunzi. Huyu huandika kila sauti ya kila ala, tangu pigo la kwanza hadi la mwisho. Mfano ulio karibu zaidi ni mwandishi wa tamthilia. Usiku wa onyesho mwandishi hayupo jukwaani, pengine yuko nchi nyingine, lakini kila neno linalotoka midomoni mwa waigizaji ni lake. Kundi jingine likiigiza tamthilia hiyo hiyo mwakani, watacheka pengine na watanyamaza pengine, na bado itaitwa ya yule yule. Ndivyo albamu ya okestra inavyokuwa ya mtunzi.

Neno linalosumbua kuliko yote ni "klasiki". Linanuka uzee. Watu hudhani ni muziki wa marehemu waliovaa nywele za bandia, kwa hiyo "muziki wa klasiki wa sasa" unasikika kama utani. Lakini fikiria mashairi ya arudhi. Mtu anayetunga leo asubuhi kwa vina na mizani ametunga shairi jipya kabisa, juu ya simu au mapenzi ya jana, ndani ya utaratibu uliorithiwa. Hakuna anayemwambia kwamba shairi lake ni la kale. Klasiki hapa ni jina la mapokeo: muziki unaoandikwa kwa ukamilifu kwenye nota, ili watu wasiomjua mtunzi waweze kuupiga. Wanahistoria hutumia neno hilo pia kwa kipindi kimoja kifupi, takriban kati ya 1750 na 1820, na hapo ndipo mchanganyiko unapozidi. Ukisikia habari za albamu mpya, kipindi hicho kiweke kando.

Karatasi kabla ya sauti

Ningependa msomaji auone ukurasa mmoja wa nota za okestra, maana ukishauona, maswali mengi hujijibu.

Ukurasa ni mkubwa kuliko gazeti la kawaida lililokunjwa. Una mistari ya nota ishirini, wakati mwingine thelathini, iliyopangwa kutoka juu hadi chini: filimbi juu kabisa, kisha wapulizaji wengine, kisha ala za shaba, kisha midundo, na fidla hadi besi chini. Ukisoma kwenda kulia, muda unapita. Ukisoma kutoka juu kwenda chini, unaona kinachotokea kwa wote katika nukta moja ya muda. Kama mwendo ni wa kasi, ukurasa mzima unapita kwa sekunde tano au sita. Aliyeuandika huenda alikaa nao wiki nzima.

Kiongozi ndiye anayeshika kitabu hicho kizima. Wapigaji kila mmoja ana karatasi zake tu, kama mwigizaji aliyepewa mistari yake bila ya wenzake. Mpiga pembetatu anaweza kuwa na kurasa nzima za kuhesabu kimya, "moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne", dakika kumi, kisha agonge mara moja. Akikosea hapo hakuna mahali pa kujificha. Wapiga fidla hukaa wawili wawili kwa kinara kimoja cha kuwekea nota, na mmoja wao ndiye anayefungua ukurasa huku mwenzake akiendelea kupiga. Mtunzi asiyefikiria hilo, akaweka sehemu ngumu pale pale ukurasa unapoishia, hulaumiwa na safu nzima. Na siku ya kurekodi, kishindo cha kurasa thelathini kufunguliwa kwa pamoja huingia kwenye maikrofoni vizuri tu.

Mbona "ya kwanza" inachelewa hivi?

Msanii wa muziki wa kawaida hutoa albamu ili ajulikane. Mtunzi wa okestra mara nyingi hujulikana kwanza, albamu ikaja baadaye sana. Sababu ni kwamba njia yake ni tofauti. Okestra au tamasha humwagiza kazi: dakika kumi na mbili, kwa wapigaji kadhaa, kwa tarehe fulani. Anaandika kwa miezi. Wapigaji wanaipitia kwa mazoezi machache, mara nyingi siku mbili tatu tu, kisha onyesho la kwanza linafanyika. Watu wanapiga makofi. Kesho yake karatasi zinarudishwa kabatini.

Hapo ndipo penye ugonjwa wa fani hii. Kila okestra inapenda kuwa ya kwanza kupiga kazi mpya, kwa kuwa uzinduzi una habari. Kuwa ya pili hakuna habari. Kuna kazi nyingi nzuri zilizosikika jioni moja na hazijasikika tena. Katika mazingira hayo, albamu ndiyo hifadhi. Kiongozi wa okestra aliye mji mwingine hawezi kusafiri kwenda kila uzinduzi, lakini anaweza kuvaa vipokea sauti usiku na kusikiliza. Akipenda, kazi inapata onyesho la tatu na la nne.

Mfano mzuri ni albamu ya Mmarekani Missy Mazzoli, Dark with Excessive Bright, iliyotolewa na kampuni ya Sweden, BIS, mwaka 2023. Mazzoli alizaliwa 1980. Albamu hiyo ya kazi zake za okestra ilipotoka alikuwa ameshaandika opera kadhaa, mojawapo Breaking the Waves ya 2016, na alishakuwa mtunzi mkaazi, yaani mtunzi aliyeteuliwa kwa muda maalumu, wa Okestra ya Simfoni ya Chicago kuanzia 2018 hadi 2021. Humo ndani kuna kazi iitwayo These Worlds in Us, aliyoiandika 2006. Hesabu mwenyewe: miaka 17 kati ya wino na jalada. Mtunzi Mmarekani, kampuni ya Sweden, okestra mbili za Norway, ya Bergen na ile ya Aktiki, na mpiga fidla Peter Herresthal akiwa mbele. Katika kazi nyingine iliyomo, Sinfonia (for Orbiting Spheres), baadhi ya wapigaji huweka chini ala zao na kupuliza vinanda vya mdomo, vile vidogo vinavyoingia mfukoni. Sauti inayotoka ni kama mlango mkubwa unaofunguka mbali. Nani angejua kama isingerekodiwa?

Mwingereza Anna Clyne, aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1980, alipita njia nyingine. Albamu yake Mythologies ya 2020 ina kazi tano zilizoandikwa kati ya 2005 na 2015, zote zikipigwa na Okestra ya Simfoni ya BBC mbele ya hadhira, katika maonyesho tofauti, chini ya viongozi wanne. Ni albamu iliyokusanywa kama mtu anavyokusanya picha za harusi zilizopigwa na wapiga picha mbalimbali. Ni nafuu kuliko kukodi ukumbi na watu themanini kwa ajili ya kurekodi tu.

Na gharama ndiyo sababu nyingine ya kuchelewa, niipitie haraka kwa kuwa inaeleweka. Kila mpigaji hulipwa kwa kikao. Ukumbi hulipiwa. Mafundi hulipwa. Hata karatasi za nota kwa kawaida hukodiwa kutoka kwa mchapishaji. Mauzo peke yake ni nadra kurudisha fedha hizo, kwa hiyo nyuma ya albamu kuna ruzuku, mfuko wa sanaa, au okestra yenyewe iliyoamua kubeba mzigo.

Siku ya kurekodi

Watu wengi huwaza kwamba okestra inakaa, inapiga mwanzo hadi mwisho, na kazi imekwisha. Au huwaza kinyume chake: kila mmoja anarekodi peke yake chumbani kisha wanaunganishwa. Yote mawili hutokea kwa nadra.

Kwa kawaida wote hukaa pamoja katika ukumbi wa maonyesho au kanisa lenye mwangwi mzuri, kwani mwangwi wa jengo ni sehemu ya sauti. Juu ya kichwa cha kiongozi huning'inizwa maikrofoni kuu. Mpangilio mmoja maarufu, wa maikrofoni tatu kwenye fremu yenye umbo la herufi T, ulibuniwa na mafundi wa kampuni ya Decca miaka ya 1950 na unatumika hadi leo. Nyingine za ziada huwekwa karibu na ala zinazohitaji msaada.

Mtunzi hayuko ukumbini. Yuko chumba cha mitambo, pengine ghorofa ya chini, amekaa bega kwa bega na prodyuza, kila mmoja na kitabu kizima cha nota mbele yake na kalamu ya risasi. Taa nyekundu inawaka ukumbini. Wanapiga dakika tatu. Prodyuza ameshaweka alama: hapa honi ya pili imechelewa, hapa kiti kimelia, hapa ndege imepita. Anabonyeza kitufe na kuzungumza na kiongozi kwa simu au spika: turudie kutoka herufi G, ile alama iliyo kwenye nota za wote, tafadhali. Mkupuo wa pili. Wa tatu. Basuni anauliza kama nota yake ni kweli ilivyoandikwa au ni kosa la uchapaji. Watu themanini wananyamaza kusubiri jibu, na kila sekunde ya ukimya huo inalipiwa. Mtunzi anageuza kurasa, anakuna kichwa, anasema ni kosa. Kosa hilo limeishi kwenye karatasi tangu onyesho la kwanza na hakuna aliyelisikia.

Katika kikao cha saa tatu, wakijitahidi, hupata dakika 15 hadi 20 za muziki uliokamilika. Albamu ya saa moja kwa hiyo inataka vikao vitatu, vinne au zaidi. Baadaye huja uhariri, na hapa niwe mkweli, kwa sababu wapenzi wa muziki huu hupenda kudai kwamba wao hawana ujanja wa studio. Wanao. Albamu moja inaweza kuwa na viungo mamia, mwanzo wa sentensi ukitoka mkupuo wa pili na mwisho wake mkupuo wa tano. Siyo udanganyifu. Mwandishi wa kitabu naye hatoi rasimu yake ya kwanza.

Mambo matatu yanayosemwa sana

La kwanza: kompyuta ingeweza kufanya yote hayo. Ni kweli kwamba watunzi wengi leo huandika kwa programu zenye maktaba za sauti za ala, zilizorekodiwa nota moja moja, na wanaweza kusikia rasimu ya kazi kabla okestra haijaiona. Inasaidia sana. Lakini rasimu hiyo inasikika kama hotuba iliyosomwa na mashine ya basi inayotaja vituo: maneno yote yapo, mtu hayupo. Fidla thelathini halisi hazianzi nota katika nukta moja kabisa. Kila mmoja amechelewa au kuwahi kwa kiasi kisichopimika kwa sikio, na fujo hiyo ndogo ndiyo tunayoiita utajiri wa sauti.

La pili: imerekodiwa vibaya, haisikiki. Hili nililisema mwenyewe, niliposikiliza kwa spika ya simu na kuongeza sauti hadi mwisho, kisha tarumbeta zikaingia na kunirusha kitini. Muziki mwingi wa redioni hubanwa ili sehemu ya chini na ya juu ziwe karibu sawa. Rekodi ya okestra huachwa na umbali wake: fidla moja inayonong'ona, kisha watu mia. Tena nyuzi ya chini ya besi kubwa hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haina uwezo wa kuitoa. Unachokosa hapo ni msingi wa nyumba. Vipokea sauti vya kawaida tu vinatosha kubadilisha kila kitu.

La tatu: muziki huu hausikilizwi na mtu. Kwa kawaida husikilizwa na wachache, ndiyo. Lakini tazama Simfoni ya Tatu, yaani kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa, ya Mpolandi Henryk Górecki. Iliandikwa 1976, ikapigwa kwa mara ya kwanza mwaka uliofuata huko Royan, Ufaransa, na kwa miaka mingi haikuvuka duara la wataalamu. Mwaka 1992 ikatoka rekodi mpya ya London Sinfonietta ikiongozwa na David Zinman, na sauti ya mwimbaji Dawn Upshaw. Iliuza zaidi ya nakala milioni moja na kupanda katika orodha za Uingereza pamoja na nyota wa pop. Nota zilikuwa zile zile. Górecki alikuwa anakaribia miaka 60.

Kinyume chake kipo pia: mtunzi ambaye rekodi ya kazi zake inang'ara yeye akiwa ameshakufa. Simfoni ya Kwanza ya Florence Price ilipigwa na Okestra ya Simfoni ya Chicago tarehe 15 Juni 1933, na akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupigiwa simfoni na okestra kubwa. Alifariki 1953. Mwaka 2009 masanduku ya maandishi yake yalikutwa katika nyumba iliyoachwa kaskazini mwa Illinois, paa likiwa limebomoka. Rekodi ya simfoni zake mbili iliyofanywa na Okestra ya Philadelphia ilipata Grammy mwaka 2022, miaka 69 baada ya kifo chake.

Nani anapata nini

Kisheria albamu moja ina mali mbili. Kuna haki ya utunzi, iliyo kwenye nota, ambayo ni ya mtunzi na mchapishaji wake. Katika nchi nyingi hudumu maisha yake yote na miaka 50 au 70 baada ya kufa. Na kuna haki ya rekodi yenyewe, ambayo kwa kawaida ni ya kampuni au okestra. Ndiyo maana mtunzi asiyepiga hata nota moja hupata mirabaha rekodi inapochezwa redioni, na ndiyo maana hawezi kuichukua rekodi hiyo na kuiuza kwingine kwa kuwa tu muziki ni wake.

Mitandaoni hesabu ni ngumu zaidi. Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30. Wimbo wa dakika tatu ukirudiwa kwa nusu saa ni mara kumi. Sehemu moja ya simfoni yenye nusu saa, iliyosikilizwa hadi mwisho kwa utulivu, ni mara moja. Sishangai kwamba baadhi ya albamu mpya sasa zinakatwa vipande vifupi vifupi, hata pale ambapo mtunzi hakuweka mapumziko.

Kuna shida ndogo ambayo ukijaribu kuitafuta albamu ya namna hii utakutana nayo mara moja. Programu ya muziki ina nafasi ya "msanii". Ijazwe nini? Mtunzi? Okestra? Kiongozi? Mpiga fidla aliye mbele? Programu moja huweka hili, nyingine lile, na albamu inapotea ikiwa mezani. Apple iliinunua mwaka 2021 huduma ya Primephonic, iliyokuwa ya klasiki pekee, na Machi 2023 ikatoa programu ya peke yake kwa muziki huu, ambamo unaweza kutafuta kwa mtunzi, kwa kazi, kwa kiongozi au kwa okestra. Septemba mwaka huo ikainunua na BIS yenyewe, ile kampuni iliyotoa albamu ya Mazzoli.

Ukiingia humo andika Simfoni ya Tano ya Beethoven: zitashuka rekodi hadi uchoke kuteremsha skrini. Kisha andika jina la kazi mojawapo iliyo kwenye ile albamu mpya ya kwanza uliyosikia habari zake. Mara nyingi itakuja moja tu.